Kunguni Kutoka Shamba la Kaka

Nilikuwa nikichagua nyanya sokoni Voi wiki iliyopita, mama mmoja wa kutoka milimani aliponiambia kwamba yule mkulima wa kahawa tuliyefahamiana naye amefariki, na kwamba wamekwisha kumzika. Nilibaki nimesimama na nyanya mkononi kama mjinga. Hatukuwa marafiki wa kushibana. Nilianza kumfahamu mwishoni mwa miaka ya sitini, nilipokuwa nikipanda Taita kila likizo kukimbia joto la Kaloleni, naye kila mara alinikaribisha kwa kahawa chungu ambayo sikuipenda wala sikuthubutu kuikataa. Hata hivyo nimehuzunika, wasomaji wangu, na huzuni yenyewe ina hasira ndani yake.

Adui yake alikuwa kunguni. Si yule wa kitandani. Huyu huishi juu ya mibuni, ana mgongo mpana kama ngao, wenye madoa meusi, meupe na ya rangi ya chungwa. Mrembo kweli, mpaka umminye, hapo utakimbia harufu. Hufyonza punje mbichi kwa mdomo wake wa sindano, nazo huanguka au huoza ndani kwa ndani. Jike hutaga mayai chini ya jani, na wanawe wakianguliwa hukaa wamekusanyika kando ya maganda kabla ya kutawanyika. Asichopenda ni jua. Ukipogoa matawi mwanga ukaingia, huhama. Basi mzee wetu alipogoa mibuni yake ikawa safi kama vijana waliotoka kwa kinyozi. Lakini ng'ambo ya ua lilikuwako shamba la kaka yake, mfanyakazi wa Mombasa, ambalo lilikuwa limegeuka kichaka, na kunguni walitoka huko msimu baada ya msimu.

Krismasi moja kaka mtu alikuja nyumbani, nami nilikuwapo.

"Kaka, niruhusu nipogoe tu. Kahawa yote chukua wewe."

"Hapana, mdogo wangu. Leo unakata tawi, kesho utasema hiyo shamba ni yako."

"Lakini hawa wadudu wananimaliza!"

"Si unyunyize dawa?"

Alinyunyiza. Walikufa, wakaja wengine. Nilimshauri akate kimyakimya, maana mwenyewe hayupo. Alinitazama kana kwamba nimemtuma kuiba. "Wewe ni mtu wa mjini," akasema. "Mimi watoto wangu wataishi hapa na watoto wake." Huko milimani anayetunza mti hatimaye huhesabiwa kuwa mwenye ardhi, na yeye hakutaka kesi na nduguye. Baadaye maradhi yakamlaza, na mibuni yake nayo ikafunga matawi, ikawa kichaka.

Juzi nilipanda kwenda kuwapa pole. Kaka mtu amestaafu, amerudi, na sasa anapogoa shamba lake kwa bidii. Nilimkuta akimbembeleza mjane amruhusu asafishe upande wa marehemu, kwa sababu kunguni wanavuka kwenda kwake. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, mume wangu hayuko tena wa kunitetea," akasema. "Hiyo miti iache."

Sikuweza kumlaumu, kwa kuwa nimeona wajane wakifukuzwa kwa jambo dogo kuliko hilo. Somo ninalolipata halinifurahishi hata kidogo. Kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kuogopa, na sababu zote ni za kweli, ndiyo maana simwoni wa kuanza kumwamini mwenzake. Watoto watarithi mpaka ulionyooka vizuri, na hakuna upande watakakochuma kahawa.