Mama mkubwa alivyotaka kuishtaki serikali ya nje kwa kifo cha mumewe

Wakuu shikamooni, vijana wenzangu mambo.

Hiki kisa ni cha kweli mia kwa mia. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Nina steshenari pale Bulyaga, Tukuyu. Natoa kopi, najaza fomu, nawachapia watu barua na mikataba ya mashamba. Basi ukoo mzima unaniita Mwanasheria. Sheria yangu yote nimeisoma kwenye makaratasi ya wateja, lakini hilo jina sijawahi kulikataa. Linanoga bwana.

Mwezi uliopita akaingia mama mkubwa, dada yake mama. Anaishi upande wa Igogwe, analima ndizi. Kavaa kitenge cha kanisani siku ya Jumanne, nikajua hapa kuna jambo.

Mumewe, baba mkubwa wetu, alifariki kipindi kile cha barakoa na ndoo za kunawia. Alikuwa mtu wa kiwanda cha chai. Kifua kilimbana siku nne tu, akaondoka. Akazikwa chapchap, watu wachache wamesimama wameachiana nafasi, kisha kila mtu akakimbilia kwake.

Kwetu Rungwe hilo ni jambo zito. Kwenye msiba watu wanakaa siku kadhaa, wanakula na kulala palepale.

Sasa mama mkubwa alisikia redioni kwamba huko duniani kuna watu wameishtaki serikali ya nchi fulani, eti ilichelewa kusema ukweli mpaka ugonjwa ukasambaa.

"Gwe mwanangu, na mimi niandike. Ng'ombe wa mtu akiingia shambani kwangu, mwenye ng'ombe anaitwa. Huu ugonjwa nao una mwenyewe."

Kumbe alishaanzia baraza la kata! Wale kazi yao ni kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Katibu kamsikiliza vizuri tu, halafu akamuuliza mlalamikiwa anaishi kitongoji gani.

Nilicheka wakuu. Yeye hakucheka.

Badala ya kumwambia sijui, nikajitia legal adviser. Nikachapa kurasa mbili kwenda ubalozi wa nchi hiyo, kichwa cha habari herufi kubwa: KUSUDIO LA KUSHTAKI. Nakala kwa mwenyekiti wa kijiji. Kabla ya kuituma nikaingiwa na woga, nikampeleka mama mkubwa na barua yake kwa wakili wa kweli, dada mmoja mwenye ofisi hapa mjini.

Wakili aliisoma bila kunicheka, Mungu ambariki.

"Mama, serikali ya nje huwezi kuiburuza mahakamani kwetu hivihivi. Ina kinga. Kuna mambo machache kinga haifanyi kazi, kama ya biashara, ila hili lako halimo."

Nikadakia kwa full confidence, "Na mahakama ya kimataifa?"

"Kule ni nchi na nchi, mtu binafsi hapokelewi. Na hata ukipata njia, lazima uthibitishe ni uzembe wao ndio uliomuua mzee. Alipimwa?"

Hakupimwa. Cheti kimeandikwa nimonia.

Wakili akamuuliza taratibu, "Mama, wangekubali, ungetaka wakufanyie nini?"

Mimi nilishaandaa neno fidia mdomoni.

"Waje wakae," mama mkubwa akasema. "Waingie kwangu, wanipe pole, wale ndizi, walale, ndo waondoke. Msiba wa mume wangu haukukaliwa."

Kisha akaninyooshea kidevu, wala hana hasira. "Hata huyu hakuja."

Wakuu, hapa kuna kitu niliwaficha. Kutoka Bulyaga mpaka kwake ni bodaboda moja tu. Siku ya mazishi niliogopa, nikajifungia dukani, nikamtumia meseji: "Pole mama, tuko pamoja." Pamoja wapi sasa? Na tangu hapo kila nikikutana naye naongelea mvua.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumamosi yake nikawapigia binamu wote tuliokimbia. Tukaenda na mchele, sukari na jogoo wawili, tukakaa siku mbili. Watu wazima na vitambi vyetu, tumelala kwenye mikeka sebuleni. Tukasimuliana vituko vya baba mkubwa. Mama mkubwa alilia kama amezika jana, na sisi tukalia naye.

Kesi lakini hajaiacha. Alinirudisha kwenye kompyuta nifute vitisho vyote, nibakize mwaliko wa kuja kukaa na ramani ya kufika kwake. Tumeituma. Mpaka leo ubalozi kimya.

Nilichojifunza ni kwamba serikali ya nje ina kinga dhidi ya mama mkubwa, ila mimi mtoto wake sikuwa nayo, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Wanasheria wa humu nikosoeni nilipokosea. Na wewe uliyetuma meseji ya pole kipindi kile ukabaki ndani, umeshaenda?