Povu Nililokwenda Nalo Umuganda

Chunusi zilinitoka kidevuni, nikachukua dawa ya uso ya mdogo wangu Aline bila kumuuliza. Maelezo yalikuwa ya Kifaransa, na mimi niliacha shule mapema ili niwalee wadogo zangu baada ya wazazi kufa. Nikajipaka kama losheni, nikaenda umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa wetu wa Nyakabanda.

Baadaye majirani walikuwa wanachagua msimamizi wa usafi. Niliitaka nafasi hiyo, waache kutuita watoto wasio na mtu. Nikasimama kujieleza. Mvua ikaanza, nikaendelea kuhubiri usafi huku povu likinishuka shingoni.

"Pole mwanangu, unaumwa?" mama mmoja akauliza.

"Haumwi!" Aline akapaza sauti. "Dada, ile ni sabuni! Hukunawa?"