Mshale wa Katikati

Mume wangu wanamwita Sikio, na si kwa sababu anasikiliza watu. Mimi nikimwambia paa linavuja, ananisikia msimu wa mvua unaofuata. Jina amelipata kwa injini. Anashika bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye chuma, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, kisha anakutajia ugonjwa. Mteja akianza kueleza, anamnyamazisha kwa kidole. Husema gari halijui kudanganya, mwenye gari ndiye anayejua.

Gereji yake iko mbele ya nyumba yetu. Ni paa la mabati, meza iliyojaa makopo ya nati, na ardhi iliyolowa oili hata jogoo wetu hapiti hapo. Ana mazoea yake. Akiunga waya hatumii tepu, kwa kuwa tepu huyeyuka kwa joto na kuachia. Anakata ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli, anauzungusha kwenye kiungo na kumalizia kwa fundo dogo la kubana. Sijaona fundi mwingine anayefanya hivyo. Mwenyewe hujivuna kwamba gari litaoza na fundo lake libaki.

Basi kaka yangu akanunua fowili, gari kuukuu la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lenye rangi ya kijani iliyokuwa bado inanuka upya. Bei yake ilikuwa ya kuchekesha, naye badala ya kucheka akalipa. Hakumwita shemeji yake alikague kwanza, maana alitaka kutushangaza. Gari lilikuwa la kazi ya mkewe, wifi yangu, mwenye kitalu cha miche. Wateja wake wako juu milimani, ambako barabara ni mawe na makorongo matupu. Wifi alijifunza kuendesha ukubwani, na ukoo mzima tulimfanya kichekesho. Tulisema kuku wa mtaa huu wameshaandika wosia. Huo utani wa kuku niliuanzisha mimi.

Gari lilifanya kazi vizuri kwa muda, mpaka alasiri moja likarudi likivutwa kwa kamba, miche ya miparachichi imelala nyuma kama wagonjwa. Wifi alikuwa kwenye usukani, uso umemkauka. Alieleza kwamba lilipoteza nguvu mlimani, moshi mweupe ukatanda nyuma, kisha likazima lenyewe.

"Mshale wa joto ulikuwa katikati," alisema. "Nimeuangalia njia nzima."

Sikio akaacha injini ipoe, kisha akaanza kazi. Alifungua kifuniko cha oili na kukigeuza. Ndani yake kulikuwa na utelezi wa rangi ya chai ya maziwa, kumaanisha maji yameingia kwenye oili. Akafungua rejeta, akaikuta karibu tupu. Akaongeza maji, akamwomba kaka, aliyekuwa ameshafika mbio, apige stata kidogo, na mapovu yakapanda mpaka mdomoni. Hata bisibisi hakuihitaji. Alisema gasketi ya silinda hedi, ile inayotenganisha maji na oili, imeungua, na hedi yenyewe, kifuniko cha juu cha injini, huenda imepinda. Injini ilikuwa imechemka vibaya sana.

Kaka akamgeukia mkewe. Alimwambia kwamba alikuwa anachezea simu, kwamba injini haichemki kwa siri, kwamba ndiyo maana yeye hakutaka kumpa usukani tangu mwanzo. Watu waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo. Wifi akarudia yale yale: mshale ulikuwa katikati. Kaka akauliza kwa sauti, ili wote tusikie, "Fundi, injini inaweza kuchemka hivi na mshale ukae katikati?"

Sikio wakati huo alikuwa ameinama chini ya boneti, vidole vyake vikifuata waya wa geji ya joto. Nilimwona ameganda. Nilidhani mgongo umemkamata.

"Sijui, shemeji," alisema bila kuinua kichwa. "Kwa kawaida, hapana."

Kaka akauchukua ufunguo mkononi mwa mkewe, akautia mfukoni mwake.

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Wifi alikodi mkokoteni, lakini mkokoteni haupandi mlima, na wateja wa huko juu wakaanza kununua miche kwingine. Akaja kwangu, akakaa jikoni akimenya viazi visivyokuwa vyake. Aliniuliza kama labda jua lilikuwa linampiga machoni siku ile. Aliniuliza kama mtu anaweza kuamini ameona kitu ambacho hakukiona. Kwanza alikuwa na hakika. Sasa alikuwa anajitafutia udhuru wa kosa ambalo hata halikumbuki. Nami, kwa mdomo wangu huu mpana, nikamwambia kuchoka ni kwa kila mtu. Nilidhani namfariji.

Sikio naye alibadilika. Hedi alikwenda kuichongesha mwenyewe, gasketi akaitafuta mwenyewe, na kila nati aliifuta kabla ya kuifunga. Lakini chakula alikiacha nusu, na wifi akitokea barabarani yeye anaingia chini ya gari, hata kama gari lenyewe halina tatizo la chini. Nilimwambia akapime malaria.

Malaria yenyewe niliikuta nikifua ovaroli lake. Mfukoni mlikuwa na kidude kidogo, cha aina ile wanayoitoa kwenye redio mbovu, kikiwa na vipande vya waya pande zote mbili. Kwenye waya palikuwa na ukanda wa tyubu, na fundo lake bado limebana. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotangulia. Nilikipangusa, nikakiweka mezani karibu na kikombe chake cha chai, nikakaa.

Alikiangalia mpaka chai ikapoa. Kisha akanieleza. Zamani kidogo dalali mmoja alimletea fowili nyeupe iliyokuwa inachemka. Hakutaka itengenezwe, alitaka iuzike. Sikio akamimina dawa ya kuziba kwenye rejeta, na kwenye waya wa geji akaunga kidude hicho. Kazi yake ni moja: ukifungua swichi, mshale unapanda mpaka katikati na kukaa hapo, injini iwe baridi kama mtungi au iwe inatokota. Alijiambia kwamba mnunuzi atakuja na fundi wake. Chini ya rangi ya kijani hakulitambua gari, mpaka vidole vyake vilipokutana na fundo.

"Nililigusa nikajua ni mkono wangu," alisema. "Wifi yako anasema kweli mbele ya watu, na mimi nasema sijui. Kisha nikakikata, nikakificha."

Sikupiga kelele, na wanaonijua watashangaa. Nilimwambia tu kwamba yule mwanamke ameanza kutoyaamini macho yake mwenyewe.

Jioni hiyo alikwenda kwa kaka, wakazungumza nje, wawili tu. Alirudi na jibu lililonitia aibu ya damu yangu. Kaka alisema gari limeshapona na maneno yamepita. "Mke wangu ameshakubali kosa. Usimchanganye tena." Kwa maneno mengine, kumwomba mkewe radhi kulimlemea kuliko kumwacha na kosa lisilo lake. Sikio aliyasema haya kama mtu aliyefunguliwa mlango wa kutokea, na kwa kitambo nilimwona akiutamani.

"Na wewe umekubali?" nilimuuliza.

Asubuhi, kabla sijawasha jiko, nilimkuta amefungua boneti ya fowili. Alikuwa amekirudisha kile kidude kwenye waya, kwa ukanda mpya wa tyubu na fundo lile lile. Akanituma nimwite wifi. Kaka alimfuata nyuma akiuliza kuna nini.

Sikio alimwomba wifi aweke kiganja juu ya injini. Ilikuwa baridi, imelala usiku kucha. Akamkalisha kwenye usukani, akampa ufunguo, ambao kaka alikuwa ameuacha gereji kwa ajili ya matengenezo.

"Usiwashe injini, shemeji. Fungua swichi tu, halafu uangalie mshale."

Ukapanda taratibu mpaka katikati, ukasimama. Injini ilikuwa kimya kabisa.

"Hicho nilikifunga mimi," Sikio alisema, akikionyesha kidude kwenye waya. "Kabla gari halijawa lenu. Siku lilipovutwa nilikikuta, nikakitoa, nikanyamaza."

Wifi akafunga swichi, mshale ukashuka. Akafungua, ukapanda. Alirudia mara nyingi, pole pole, kama mtu anayehesabu mali yake iliyopotea. Kaka, mjuzi wa magari, ambaye ndiye aliyeliendesha kutoka kwa dalali na asione kitu, aligundua ghafla kwamba kuna jambo la kutazama barabarani.

"Kwa hiyo niliona vizuri," wifi alisema.

"Uliona vizuri."

"Na muda wote niliokaa jikoni kwenu nikijiuliza kama nina akili timamu, wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Aliomba koleo. Akashuka, akainama chini ya boneti, akakikata mwenyewe na kukitia mkobani. Kisha akawasha gari, akaondoka kwenda kupakia miche, na kaka akarudi kwake kwa miguu. Radhi aliombwa baadaye, tena na kila mmoja wetu, na mimi na kuku wangu nikiwamo. Alitusikiliza. Hakusema amesamehe wala hajasamehe.

Sasa gari hulipeleka kwa fundi mwingine, ng'ambo ya soko. Akipita mbele yetu hupiga honi kunisalimia mimi. Sikio huacha kazi, hufumba macho na kulisikiliza mpaka lipotee kwenye kona. Juzi aliniambia kuna vali moja inagonga, ndogo tu, ya kurekebishwa kabla haijaharibika. Nikamwambia amweleze. Akaangalia mikono yake yenye oili, akasema wifi hatamwamini, kisha akasema hata yeye asingejiamini.