Waya wa Buluu

Mbishi yule fundi wa redio, jamani, mbishi kupita kiasi! Miaka thelathini na minne amekaa kibandani kwake akitengeneza redio na taa za magari, na ukimwambia asome maelezo kwanza anakuona umemtukana. "Mkono wangu ndio unaosoma," husema. Na tusimwonee, mara nyingi mkono ulisoma vizuri.

Ila kazi hii ilikuwa ya kaka yake, dereva wa treni mstaafu, ambaye macho yalikuwa yakimwishia. Daktari alishasema hakuna dawa wala upasuaji. Sura za watu zilikwisha kumpotea. Kilichobaki ni mwanga, tena uwe kwenye chumba chenye giza. Mzee alikuwa na treni ndogo ya chuma, inayozunguka juu ya reli mezani, mfano wa ile aliyoiendesha ujana wake wote. Akataka ifungwe taa ya mbele.

"Nataka niifuate kwa macho, mdogo wangu, kabla hayajafunga duka," alisema, akacheka peke yake.

Treni ile ya zamani ilikuwa na mota tu. Binti wa mzee, anayeishi ng'ambo, akatuma kibao cha saketi kidogo kama ukucha wa dole gumba, cha kuendeshea mota na taa pamoja. Kilichukua miezi minne kufika. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi yenye mchoro na onyo kwa herufi nene: waya wa buluu ni wa taa peke yake, usiguse bodi ya chuma ya treni. Fundi akaikunja karatasi, akafungia misumari.

Akalehemu waya za mota, safi kabisa. Ukabaki ule wa buluu. Sasa, kwenye gari, waya mmoja wa taa hurudi kwenye bodi. Ndivyo alivyofundishwa tangu uanagenzi, na ndivyo alivyofunga maelfu ya taa. Akaulehemu kwenye bodi huku akipiga mluzi. Hakukumbuka kwamba bodi ya treni hii hupokea umeme wa reli.

Alasiri akaipeleka. Shemeji yake, mke wa mzee, akafunga mapazia na kuziba upenyo wa mlango kwa khanga. Mzee tangu asubuhi alikuwa akilalamika kwamba kumekucha na mawingu mazito, na mkewe akamwacha aseme. Mzee akavuta kiti mpaka kidevu chake kikagusa meza.

"Haya, tuone."

Fundi akabonyeza swichi. Taa ikamweka mara moja, ikafa. Mota ikaendelea kunguruma, na treni ikazunguka gizani kana kwamba hakuna lililotokea. Fundi akajua ameunguza kibao upande wa taa. Miezi minne! Na kosa lote lake.

"Naisikia inakwenda," mzee alisema, akigeuza kichwa huku na huku. "Iko wapi?"

Fundi akainama kuichungulia treni gizani.

"Mke wangu, taa si inawaka?" Sauti ikamkatika. "Basi. Yamekwisha. Mungu wangu, yamekwisha kweli." Akaweka paji la uso mezani, akalia kwa sauti, mzee mzima, mabega yakimtikisika.

Fundi hakuwa amewahi kukiri kosa mbele ya mtu. Siku hiyo alipiga kelele. "Kaka, si macho! Ni mimi! Nimeunguza taa, nimefunga waya pasipotakiwa, hata karatasi sikusoma! Hakuna taa hapo, kaka, giza tupu!"

Mzee akainua kichwa.

"Wewe mpumbavu wewe!" Akaanza kucheka, machozi yangali yakimtiririka. "Umeniua nikiwa hai! Shemeji yako atakunyima chai mwaka mzima!"

"Na maji pia," akasema mkewe, akimfuta mumewe uso kwa kiganja, naye akicheka kwa kwikwi. Fundi akacheka zaidi yao wote. Hakupata kufurahia kuitwa mpumbavu kama siku ile.

"Nitaagiza kibao kingine," alisema. "Kwa leo, fuata hii."

Akachomoa simu, akawasha tochi yake kali, akaielekeza usoni pa kaka yake, hatua moja tu. Shemeji mtu akakinga macho kwa mkono. Mzee alikuwa angali anatabasamu, macho wazi, yamekodolea tochi.

"Haya basi," akasema, "iwashe."