Gari la Viti Viwili

Enzi zetu, na mnisamehe kutumia neno hilo kabla hata sijamaliza Fomu Tatu, Kitengela ilikuwa na nafasi ya kukimbia. Sisi wa darasa la nane la mwisho, sisi ambao walimu wanatuita mkia wa mtaala wa zamani, tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwenye ploti ambazo leo zimesimamishwa magorofa. Tuliruka blada, ile kamba ya mpira, mpaka soksi zikateremka kwenye vifundo. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mtaa wetu uligeuka gundi, na sidhani kuna mtoto wa rika langu ambaye hajawahi kuacha sandali moja humo ndani, akaenda nyumbani kwa mguu mmoja akitunga uongo njiani.

Watoto wa siku hizi hata uongo hawajui kuutunga. Ndugu yangu Kyalo, ambaye ana miaka minane, akivunja kitu anasema tu, "Imejivunja." Na akiingia kwa gari, swali lake la kwanza ni kama kuna pa kuchaji simu. Sisi tukiingia kwa gari swali lilikuwa kama litawaka.

Lakini si michezo inayonifanya niandike leo nikiwa nimesimama, daftari juu ya friji, kwa sababu nikikaa mguu unacheza wenyewe. Ni gari. Gari la Baba, lile jekundu.

Lilikuwa la spoti, milango miwili, viti viwili, na nyuma ya viti pengo la kutosha mkoba na sweta. Baba alilinunua kabla hajamwoa Mama, na Mama husema siku ya kwanza aliombwa apande alifikiri anaambiwa akae chini. Lilikuwa refu mbele na fupi nyuma, na likiwaka vioo vya dirisha la jirani vilitetemeka. Baba anafanya kazi kiwanda cha simiti, Athi River. Wiki nzima alirudi na vumbi la kijivu kwenye nyusi, lakini Jumamosi aliamka akaoga mara mbili, akalipangusa gari kwa fulana yake ya zamani. Mama alikuwa na saluni yake na Jumamosi ndiyo siku ya kazi, kwa hivyo kiti cha pili kilikuwa changu.

Tulikuwa tunaenda Kajiado kumwona Nyanya, mama yake Mama. Mimi ni mtu wa aibu. Wageni wakija nyumbani mpaka leo ninajificha jikoni na kujifanya ninaosha vyombo ambavyo ni visafi. Lakini kwa lile gari nilikuwa ninaongea. Nilimwambia Baba kila kitu cha shule, nani ameiba rula ya nani, mwalimu gani ananusa ugoro. Yeye alicheka akiangalia barabara. "Gari kama hii huiendeshi, Mwende," alikuwa akisema. "Unaivaa."

Karibu na Isinya kila mara ng'ombe walikuwa wanavuka lami. Baba alizima injini tukangoja. Kuna mzee mmoja mchungaji aliyekuja dirishani kila akituona. Mimi niliinamisha kichwa kama nilivyofundishwa mtaani, naye akaweka kiganja juu ya nywele zangu akasema, "Supa," salamu ya Kimaasai. Ili afikie kichwa changu ilibidi ainame mpaka rungu lake liguse lami.

"Gari gani hii," alimwambia Baba siku moja, "imekaa chini kama kuku anataga?"

"Mzee, hii ni ya kukimbia."

"Kukimbia? Na nyinyi ndio mnangoja ng'ombe wangu?"

Nilicheka mpaka Kajiado.

Halafu nikiwa na miaka minane Mama akapata mimba ya Kyalo, na hesabu ikakataa. Watu wanne, viti viwili. Mama hakugomba. Alikaa tu kwa meza, mkono juu ya tumbo, akasema, "Baba Mwende, huyu mtoto tutamweka kwa boneti?"

"Tutaona."

"Tutaona nini? Umeona kiti kingine kikiota humo?"

Baba akaweka neno kwa watu kwamba gari linauzwa. Aliposema hivyo mezani nilienda chooni nikakaa huko mpaka nikaitwa. Sikulia. Nilikuwa nikifikiria Jumamosi. Nilijua, kama mtoto anavyojua, kwamba kwa gari la watu wengi hakuna mtu atanisikia.

Mnunuzi akaja kutoka Rongai, mwanamume wa kofia, mpole, mwenye harufu ya peremende. Alizunguka gari mara tatu, akapiga magurudumu teke, akafurahi. Baba akaingia ndani kutafuta kitabu cha gari. Tukabaki wawili pale uani, mimi na yeye, na hapakuwa na jiko la kujificha.

"Sasa wewe msichana," akasema, "hii gari ya Daddy iko sawa?"

Mimi ambaye nilikuwa sijawahi kumjibu mgeni hata jina langu, nikamwangalia usoni.

"Ilibingirika," nikasema.

"Ilibingirika? Lini?"

"Mara mbili. Huko Isinya."

Alipapasa paa polepole kama mtu anayetafuta homa. Akachungulia chini. Mtoto mdogo, mwenye aibu, riboni kichwani. Nani angefikiri anadanganya? Baba alipotoka, yule mtu alikuwa ameshika simu sikioni akisema ameitwa nyumbani kwa haraka. Hakurudi. Baba akasema watu wa siku hizi hawana msimamo. Mimi nikaenda kuruka blada, na moyo wangu uliruka kuliko miguu.

Kyalo akazaliwa, na nyumba yetu ikaanza kusafiri kwa awamu. Kliniki: Mama na mtoto kwanza, halafu Baba arudi achukue begi na beseni. Sokoni: Mama aende, mboga zirudi naye, mtoto abaki nami kwa jirani yetu Mama Naserian. "Hii familia inabebwa kama mchanga," Mama akasema. "Tripu kwa tripu." Baba alicheka, lakini alikuwa anachoka. Alivuka lango letu mara nyingi kwa siku mpaka mbwa wa mtaa wakaacha kumbwekea.

Kisha ikafika Jumapili ya kumtoa Kyalo kanisani. Ilikuwa ifanyike Kajiado kwa Nyanya, na kwa kanisa lake kuna desturi: mtoto mchanga hubebwa na mkubwa wake kutoka mlangoni mpaka mbele, na mama hufuata mikono mitupu. Anayembeba ndiye anamwambia mchungaji jina. Kama ni mtoto wa kwanza, hana mkubwa, hubebwa na nyanya. Mimi nilikuwa na mtu wa kubeba. Wiki mbili nzima nilifanya mazoezi na pakiti ya unga ya kilo mbili iliyofungwa kwa leso, kutoka mlango wa jikoni mpaka kwa televisheni. Nilifika, nikamwambia televisheni, "Anaitwa Kyalo." Sauti ilitoka vizuri kila mara. Kwangu hilo halikuwa jambo dogo.

Asubuhi hiyo Baba akamchukua Mama na mtoto. Mimi nilikuwa tripu ya pili. Nikaachwa kwa Mama Naserian na gauni jeupe, soksi za lasi, nikakaa kwa benchi ya baraza yake bila kuegemea, nisikunje nguo.

Mvua ikaanza.

Ilinyesha ile mvua ya kwetu isiyokuwa na maneno mengi. Njia ikawa nyeusi, halafu ikang'aa. Mama Naserian akaniletea chai ya maziwa matupu. "Mvua ni baraka, mtoto wangu, usiinunie." Nikanywa, nikarudi kukaa. Nikasimama. Nikahesabu nguzo za ua, nikazihesabu kutoka upande ule mwingine. Watu waliotoka makanisa ya karibu wakapita wameshika viatu mkononi. Kila nikisikia injini nilishuka ngazi moja, nikapanda tena.

Baba alikuja mchana, kwa miguu, suruali imekunjwa, matope mpaka magotini. "Gari ilikwama," akasema. Akanibeba mgongoni mpaka kwa lami, na njia nzima hakunitania hata mara moja.

Tulipofika Kajiado walikuwa wanapanga viti. Mama alikuwa amembeba Kyalo mwenyewe na kumtaja jina mwenyewe. Nyanya alinipa wali na kipande kikubwa cha nyama, akasema nimependeza. Nilikula yote. Hiyo ndiyo aibu, unakula yote.

Wiki mbili baadaye gari jekundu likachukuliwa na mtu wa Kiserian, na kukaja hili la viti saba, rangi ya maziwa yaliyolala, lenye milango ya kuteleza. Mama aliimba siku nzima. Tangu hapo, kila mgeni akimuuliza Baba lile gari lilienda wapi, anajibu, "Ilifanya nimwache mtoto kwa mvua. Singeweza kukaa nayo." Wageni wanatikisa kichwa, wanasema huyo ni baba. Na mimi jikoni ninaosha kikombe kisafi. Kwa sababu kama si mimi, gari lingekuwa limeuzwa kabla Kyalo hajazaliwa, na hiyo Jumapili tungeenda wote mara moja. Miaka minane Baba amejilaumu kwa kosa langu.

Jumamosi iliyopita, likizo hii, tulikuwa tunaenda kwa Nyanya. Kyalo na mdogo wetu Mumo walikuwa nyuma wakipigania simu ya zamani ya Mama, aliyebaki saluni. Baba akasimamisha gari Isinya, watoto wakashuka kununua mahindi ya kuchoma. Tukabaki wawili mbele. Nikasema haraka kabla hawajarudi.

"Baba, yule mtu wa Rongai, wa kununua gari. Mimi ndiye nilimfukuza."

"Yule wa kofia?"

"Nilimwambia ilibingirika."

Akanigeukia. "Wewe? Wewe uliongea na mgeni?"

"Mara mbili."

"Uliongea naye mara mbili?"

"Hapana. Ilibingirika mara mbili."

Baba akaweka paji la uso juu ya usukani. Mabega yakatetemeka, nikafikiri nimemuua. Kumbe anacheka. "Mara mbili, na ikabaki na ile sura! Ungeniuliza, Mwende, ningekwambia useme mara nne. Mimi nilikuwa huko ndani natafuta kitabu cha gari, na kilikuwa kwa mfuko wangu wa shati."

Nikacheka pia. Miaka minane ikanitoka kifuani kama pumzi. Ningependa kuandika kwamba iliishia hapo.

Alipoinua kichwa hakuwa anacheka tena. "Ile Jumapili," akasema, "gari haikukwama."

Nikamgeukia.

"Nilifika pale lami inaisha, nikaona matope. Nikasema wacha mvua ipungue, isije ikajikwaruza chini. Dakika kumi, nikasema. Halafu kumi tena. Nilikuwa nimeketi tu, napangusa kioo. Kutoka pale mpaka kwa Mama Naserian ni kutembea dakika kumi na tano, Mwende. Nilikaa masaa mawili."

"Ulikuwa ndani ya gari?"

"Nilikuwa ndani. Ningetembea. Sikutaka tu kuiacha hapo, na sikutaka kuiingiza. Hata Mama yako hajui." Akapangusa usukani kwa kiganja, ingawa haukuwa na kitu. "Si mvua iliyonifanya niiuze."

Nikafungua mlango, nikasema ninanyoosha miguu. Nilitembea mpaka kwa mama wa mahindi nikarudi, nikaenda tena. Magari yalipita. Nilijaribu kukasirika nikashindwa, nikajaribu kusamehe, nayo haikukaa vizuri. Baba yangu niliyemjua angevuka mto. Huyu alingoja matope yakauke.

Niliporudi, Kyalo alikuwa amekaa kiti cha mbele, mdomo umejaa mahindi. "Nimeshika hii," akasema. "Wewe ulitoka." Siku nyingine ningemtoa kwa sikio. Nikapita nikaenda mpaka kiti cha mwisho kabisa, kule tunakoweka magunia. Baba akawasha gari.

Enzi zile tukiwa wawili nilimjua Baba kwa upande mmoja tu, shavu la kushoto na sikio moja, na nilifikiri huyo ndiye mzima. Kwa gari la viti viwili hakuna mtu anaweza kukaa nyuma yako. Siku hizi viti ni saba, kuna makelele, kuna makombo, kuna katuni inayoimba, na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Lakini kutoka kule nyuma nikaona kitu ambacho sikuwahi kuona Jumamosi zote zile: utosini nywele zimeanza kumwisha, mahali pa ukubwa wa kifuniko cha chupa. Shingo imechoka. Nikaona pia macho yake kwa kioo kidogo cha juu. Yalikuwa yanapita kiti baada ya kiti, yananitafuta.

Nikasogea kidogo katikati, ili yanipate.