Kuni za Mzazi

Jumatano. Mawingu tangu asubuhi, lakini mvua imekataa.

Kina mama wa kikundi wako kwa jirani aliyefiwa, na fulana zao za rangi moja, turubai na viti. Moshi wa kuni zao umefika hadi huku kwangu, nikakumbuka siku ambayo, nafikiri, kikundi hicho kilianza. Wengine husema kilianzia kanisani. Siwezi kubishana nao, nilikuwa mtoto.

Mama alikuwa amejifungua. Kina mama wakaja na kuni mgongoni na uji kwa kibuyu, wakiimba kama ilivyo desturi. Hawakujua mtoto alikufa alfajiri. Mama akasimama mlangoni.

"Rudini nazo. Hapa hakuna mtoto."

Wimbo ukakatika. Mama hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake, na nyanya aliogopa tutampoteza na yeye.

"Kuni za mzazi hazirudishwi," mmoja wao akasema polepole. "Ama wewe si mzazi, dada yangu?"

Mama alisogea kidogo tu, wakapita, wakawasha moto, wakaketi naye. Uji hakuugusa. Aliunywa kesho yake, waliporudi bila kuitwa na bila wimbo.

Tangu hapo wakawa wanaenda na kwenye misiba, na mama akajiunga nao. Msiba hakuwahi kukosa. Lakini kwa nyumba yenye mtoto mchanga alikuwa ananituma mimi na kuni, yeye anabaki.

Jioni tumekula githeri ya jana.