Wembe Niliosema ni Mpya

Kosa ni langu, sitaki mtu anitafutie sababu. Mimi ni kinyozi hapa Likasi, upande wa Shituru, na nilimpa mke wangu wembe mchafu amnyolee mama yake.

Nyembe zangu ni zile za plastiki, za kutumia na kutupa. Mimi sikutupa. Nilipigilia mkanda wangu wa zamani kwenye ubao. Natemea mate kidogo, nausugua wembe kwa kuurudisha nyuma, makali yanarudi. Wembe mmoja ulipita kwenye videvu na visogo vya watu wiki nzima. Na nilijisifu kwa hilo!

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe alikuja kwetu kutoka Kapolowe anyolewe kichwa kwa ajili ya kilio. Mimi mkwe siwezi kumgusa kichwa, ni aibu. Mke wangu ndiye angemnyoa, akaja saluni kuchukua wembe. Asubuhi ile nilikuwa nimemnyoa mchimbaji mmoja mwenye majipu shingoni. Nikaupangusa wembe uleule, nikaunoa, nikampa.

“Iko mupya?” akauliza.

“Iko mupya.”

Hazikupita siku nne, kichwa cha mama kikajaa vipele. Vikapasuka. Usaha ukagandana na kitambaa chake, akikivua kinatoka na ngozi. Mama ana ugonjwa wa sukari, kidonda chake hakikauki upesi. Mke wangu akawa analia, anasema mkono wake ni mzito, amemkata mama yake. Mimi nikawa nakula bukari, ugali wetu, nimenyamaza. Wiki tatu!

Jumapili moja, baada ya ibada, nilitoa ule ubao nje niufute. Juani nikauona vizuri. Mungu wangu! Mkanda ulikuwa umeganda uji mweusi: mafuta ya watu, magamba ya ngozi, vinyweleo, damu kavu, na mate yangu mwenyewe. Ulinuka kama nyama iliyooza. Nikatapika palepale mlangoni.

Nikarudi nyumbani, nikamwambia mke wangu yote. Hakupandisha sauti.

“Miye nalia juu ya mukono yangu kila siku,” alisema, “na weye unaniangalia tu.”

Vidonda vilikuja kupona kwa dawa za nesi, ila upande mmoja wa kichwa cha mama nywele hazioti tena. Alirudi Kapolowe bila kuniaga. Na watoto wetu, mke wangu anawapeleka kunyolewa kwa kinyozi mwingine. Wanapita mbele ya mlango wangu, wateja wananitazama.

Wewe unayesoma, ukiketi kwa kinyozi yeyote, mwambie afungue wembe mpya mbele ya macho yako. Akinuna, inuka uende na ndevu zako.